Namna ya Kutafsiri "Spring" kwa Kihispania Bila Kujichosha

Umepewa kazi ya tafsiri, bei mmeshakubaliana, na katikati ya ukurasa limekaa neno la Kiingereza "spring". Tulia, ndugu yangu. Wanaosoma sentensi nzima ndio wanaochelewa kulipwa.

Kwanza, fungua kamusi, chukua maana ya juu kabisa, funga kamusi. Utapata "primavera", majira ya kuchipua. Kumbe tangazo ni la godoro? Afadhali. Mnunuzi wa Madrid atalalia majira mazima, maua yake na ndege wake, kwa bei ileile.

Pili, akitokea mjuaji akadai kwamba hapo ilitakiwa springi, ule waya uliosokotwa, usikubali wala usikatae. Mwambie, "Inategemea nchi." Kwa bahati utakuwa umesema kweli: Hispania huiita "muelle", Mexico "resorte". Mwongezee kwamba "muelle" pia ni gati la kufungia meli, kisha mwache ahangaike na godoro lenye bandari. Akizidi kukaza shingo, taja Real Academia Española, ile taasisi ya lugha ya Kihispania iliyoanzishwa mwaka 1713. Usiseme imesema nini. Mwaka unatosha, watu huheshimu tarehe kuliko hoja.

Tatu, chemchemi ya maji ni "manantial". Huihitaji, lakini ikariri. Neno ambalo hakuna aliyeliuliza humpa mtu sura ya usomi, hasa akilitamka polepole huku akivua miwani.

Nne, na hii ndiyo siri ya wakongwe, tumia mkwaju. Andika "primavera/resorte/muelle/manantial", mteja ajichagulie. Kwenye ankara iite kazi hiyo "ushirikishwaji wa wadau" na uitoze kando.

Tano, ukiletewa lebo za dawa, rudisha pesa ya watu. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza lebo za Kihispania zilizotengenezwa na programu za kompyuta kwa ajili ya famasi za Bronx, New York. Nusu ya lebo walizozipima zilikuwa na makosa. Hapo hakuna cha mkwaju wala cha miwani: neno la Kiingereza "once", yaani mara moja, likiachwa kama lilivyo, msomaji wa Kihispania hulisoma kumi na moja.