Jinsi ya Kumwona Mwalimu wa Programu na Kurudi Mikono Mitupu

Kuomba msaada katika kozi ya kwanza ya programu ni jambo jepesi kuliko linavyosimuliwa, na hatari yake iko hapohapo. Wapo wanafunzi waliokwenda ofisini wiki ya tatu, wakaeleza kilichowasumbua, wakaelekezwa, wakarudi hosteli wakalala. Semista ikaisha hawana hata kisa kimoja cha kuwasimulia wenzao. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye malengo makubwa zaidi: kuonana na walimu wote wa kozi, kwa adabu zote, na usisaidike.

Tuanze na wakati. Wiki ya kwanza mwalimu atataja saa zake za kuonana na wanafunzi, na karatasi itabandikwa mlangoni kwake. Ipite kama hujaiona. Kati ya wiki ya pili na ya saba ofisi ile huwa kimya. Mwalimu yuko na kikombe chake cha chai, kiti cha mgeni kiko wazi, na moyoni anatamani atokee hata mmoja wa kumwuliza kwa nini lugha ya C inataka kuambiwa mapema kwamba `umri` ni namba nzima. Ukibisha hodi siku hizo umekwisha. Utakaribishwa kiti, utaelezwa mpaka uelewe, na ukitoka jina lako litakumbukwa kwa wema. Subiri wiki ya mwisho kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, foleni ikiwa imeshuka ngazi mpaka chini. Hapo utapata dakika tatu za kusimama, mwalimu sauti imemkauka, na wenzako wawili wanachungulia kodi yako juu ya bega.

Pili, chagua mtu asiyehusika. Kozi ina Profesa au Dokta anayefundisha ukumbini, na ina TA anayeshinda nanyi maabara. TA ni mhitimu aliyebakizwa chuoni kwa sababu ya GPA yake, kwa kawaida 3.8 kwenda juu. Umri amekuzidi miaka michache tu, kwa hiyo hata salamu itakutatiza: shikamoo inamzeesha, mambo inamshusha. Yeye ndiye anayesahihisha kazi zenu za maabara. Yeye ndiye aliyeandika kodi hizohizo majuzi tu na kuzikosea kwa namna hiyohiyo unayokosea wewe. Sasa mtu wa aina hiyo wa nini? Mdharau. Mfuate Profesa mpaka kwenye maegesho ya magari, umwonyeshe mistari hamsini ya C kwenye simu iliyopasuka kioo, jua la saa saba likiwa linamulika.

Fundi wa maabara naye mpite bila salamu. Anajua kompyuta ipi haina kompaila, ipi inajizima yenyewe, na ipi ina kibodi ambayo kitufe cha nukta mkato hakishiki. Maarifa ya namna hiyo yanaweza kukuokolea asubuhi nzima, na asubuhi nzima ndiyo tunayotaka kuipoteza.

Kama kuna jambo linalokukera sana, usiende mwenyewe. Mtume CR, mwakilishi wa darasa. CR amebeba matatizo ya watu mia tatu na la kwako litafika likiwa limegeuka kuwa swali la kama test itakuwa ngumu.

Sasa tufike kwenye kiini, yaani namna ya kueleza tatizo. Neno unalolihitaji ni moja: "Inakataa." Sema, "Mkuu, inakataa," kisha nyamaza, umtazame usoni kana kwamba yeye ndiye aliyeikataza. Akiuliza inakataa nini, jibu, "Yaani haitaki." Usikubali kutaja mambo matatu, maana ukiyataja yote kwa pamoja mazungumzo yatakwisha kabla hujakaa: uliiingizia nini, ulitegemea itoe nini, na ikatoa nini.

Acha nionyeshe kwa mfano, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hulegea wakasaidiwa bila kutaka. Mwanafunzi ametakiwa aandike programu inayopokea alama na kusema nani amefaulu. Alama ya kufaulu ni 40. Ameandika:

`if (alama = 40) printf("Umefaulu");`

Anaingiza 75, inaandika Umefaulu. Anaingiza 12, Umefaulu. Anaingiza sifuri, Umefaulu. Programu yenye huruma hivi haijawahi kutokea katika historia ya elimu ya juu. Kilichotokea ni kwamba alama moja ya usawa katika C haiulizi chochote. Inachukua 40 na kuitia ndani ya `alama`, ikifuta kilichokuwemo. Kisha `if` inatazama ilichoachiwa, inakuta 40, na kwa C namba yoyote isiyo sifuri ni kweli. Kwa hiyo kila mtu anafaulu, isipokuwa aliyeiandika.

Mwanafunzi huyo akienda kwa TA akasema, "Nikiingiza 12 inaniambia nimefaulu, nilitegemea isiseme kitu," TA atashusha macho moja kwa moja kwenye `if`, atakigusa kioo kwa kidole, na `>=` itaandikwa kabla foleni haijasogea. Akisema "haifanyi kazi vizuri", itabidi TA aanze kuuliza umetumia kompyuta gani, umehifadhi wapi faili, umeikompaili upya au bado unaendesha ile ya jana. Hapo saa nzima inakwenda. Tena kompaila ya GCC ina swichi iitwayo `-Wall`, ambayo ingemwonya juu ya mstari huohuo bila kumsumbua mtu. Usiiwashe. Ina maneno mengi.

Ujumbe wa kosa usiusome kamwe. Umeandikwa kwa Kiingereza, kweli, lakini ni Kiingereza kifupi kuliko maswali ya mtihani wa kidato cha nne, na una tabia mbaya ya kusema ukweli. Kompaila ikilalamikia mstari wa 9, mara nyingi nukta mkato imesahaulika mwishoni mwa mstari wa 8. Anayelijua hilo hana sababu ya kutoka hostelini. Kwa wale wa Python ni vibaya zaidi: ujumbe wake husomwa kuanzia chini, na mstari wa mwisho kabisa ndio unaotaja aina ya kosa, kwa mfano kwamba jina fulani halijulikani, kumbe uliandika `jumla` huku na `Jumla` kule. Njia salama ni kufunga dirisha haraka kabla macho hayajazoea.

Kama ni lazima ujumbe umfikie mwalimu, upige picha kwa simu. Simama pembeni ili taa ya dari iakisi katikati ya kioo. Hakikisha namba ya mstari imekatika. Tuma WhatsApp saa tano na nusu usiku, kazi ikiwa inakusanywa saa sita, na usitume picha kwanza. Andika "Mambo mkuu", uache hapo. Akijibu "Poa" kesho yake asubuhi, mwulize kama yuko bize. Kodi yenyewe, ile ambayo angeweza kuinakili na kuiendesha kwenye kompyuta yake, usiitume hata akiomba. Mwambie umeme umekatika.

Lipo pia tishio la bata. Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas walichapisha kitabu, *The Pragmatic Programmer*, na ndani yake mna kisa cha programa anayetembea na bata wa mpira na kumweleza kodi yake mstari kwa mstari. Bata hajui C. Lakini mwenye kodi akifika mstari wa sita husikia anachokisema, hugundua kwamba hakikuandikwa hivyo, na tatizo linakwisha bila bata kutia neno. Nimewaona wanafunzi wakipatwa na balaa hili mbele ya meza: "Hapa nasoma alama, hapa nazijumlisha, hapa nagawanya kwa... aa! Basi mkuu, nimeona." Na wanaondoka. Kwa hiyo usimweleze mtu yeyote kodi yako kwa sauti. Hata mwenzako wa chumba. Hata ukutani.

Badala yake nenda kimbwetani, kwenye meza za nje za kujisomea. Jioni pale chini ya mwembe, kundi zima humzunguka kijana mmoja aliyeelewa, na kodi yake husafiri kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Kudesa, yaani kunakili kazi ya mwenzako, ni sanaa yenye kanuni zake. Badilisha `jumla` iwe `total`, badilisha `i` iwe `k`, halafu sahau kufuta maelezo ya juu kabisa yenye namba ya usajili ya mwenyewe. Usijali habari za MOSS, programu iliyoandikwa mwaka 1994 na Alex Aiken kwa ajili ya kulinganisha kodi za wanafunzi. Inatazama muundo wa kodi, na majina uliyoyabadilisha haiyashughulikii, lakini wewe utaona kwamba hiyo ni habari ya wengine mpaka utakapoitwa.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 hata kimbweta kimepungua wateja. Akili mnemba ni mwalimu mvumilivu. Ukiiuliza kwa nini kitanzi chako hakikomi itakueleza mara kumi bila kununa. Ndiyo maana usiiulize hivyo. Bandika swali zima la kazi na uagize jibu zima. Kule Harvard, kozi ya CS50 ilianza mwaka 2023 kuwapa wanafunzi bata wa akili mnemba aliyefundishwa kuwaongoza pasipo kuwakabidhi jibu, jambo ambalo ni uonevu mtupu. Wewe chukua kodi iliyokamilika, yenye `malloc` na `struct`, wakati darasa liko wiki ya nne na bado linahesabu moja mpaka kumi. TA ataisoma taratibu, atarudi mstari wa 14, na atauliza kwa upole, "Huu unafanya nini?" Jibu linalokubalika ni, "Unasaidia programu iende vizuri."

Ikitokea, pamoja na jitihada zako zote, umeingia ofisini kwa mtu anayetaka kukusaidia kweli, bado hujashindwa. Mwachie kibodi. Telezesha laptopu upande wake, uegemee kiti, umwache aandike. Mikono yake itakimbia, vitu vitatu vitabadilika, programu itakubali, nawe utasema, "Asante sana, Mungu akubariki," na kabla hujamaliza korido hutajua ni kipi kilichobadilika. Jihadhari na walimu wazoefu. Hao huweka mikono nyuma ya mgongo kama wakaguzi wa shule, na hata ukiwasogezea kompyuta wanakataa kuigusa. Watakuuliza tu unadhani `x` ina thamani gani mstari huu, kisha watakuambia uweke `printf` hapo uhakikishe. Inachosha. Inakufanya uandike mwenyewe. Singizia kipindi, uondoke.

Ukifuata haya kwa uaminifu alama 40 za semista zitakuwa zimeyeyuka na utaingia kwenye zile 60 za UE ukiwa mwepesi. Mtihani wa programu katika vyuo vyetu vingi huandikwa kwa peni kwenye karatasi. Hakuna kompaila, hakuna kijana wa kimbwetani, na TA yuleyule uliyemkwepa tangu Novemba ndiye anayepita kati ya meza akikusanya saini za mahudhurio. Atakuinamia aone namba yako ya usajili. Unaweza kumwambia shikamoo.

Matokeo yakitoka na kozi ikiwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, utapewa tarehe, na utashauriwa kumwona mwalimu kabla ya hapo kwa ajili ya maandalizi. Likizoni ofisi ziko wazi, foleni hakuna, chai ipo. Subiri wiki ya mwisho.