Gari Linuse, Lisinywe: Njia Nane za Kubana Petroli

Mei 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, na mwezi uliofuata serikali ikaingiza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili watu wapumue. Bei hatupangi mimi na wewe, dereva mwenzangu. Kiasi kinachoungua ndicho tunachokipanga, tena kila siku, na inaniuma kuona watu wanachoma hela ya ada ya mtoto kwenye foleni ya Mwenge. Basi tuhesabu kurudi nyuma, kuanzia jambo dogo hadi lile linalokomba mfuko.

8. Usiamke alfajiri kuwahi petroli "nzito"
Ni kweli petroli hutanuka kwa joto. Ila tangi la sheli limefukiwa ardhini, na huko chini joto halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Lala, ndugu yangu. Cha kuamkia mapema ni foleni.

7. Jua bei kabla hujawasha gari
EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kikomo ni dari, na kituo kinaweza kuuza chini yake, kwa hiyo soma ubao wa bei kabla hujakunja kona. Kadiri unavyoziacha bandari za Dar, Tanga na Mtwara, ndivyo gharama ya kusafirisha inavyoongeza bei. Anayekwenda Dodoma ajaze Dar. Ila usivuke mji mzima kufuata nafuu ya shilingi 20. Kwa lita 30 umeokoa shilingi 600, na hizo umezichoma zote njiani.

6. Shusha mizigo
Kila kilo 45 za ziada hula takriban asilimia moja ya mafuta, na gari dogo huumia zaidi. Jeki na tairi la spea vibaki. Ule mfuko wa saruji uliomo kwenye buti tangu Pasaka, ushushe, ukuta unausubiri! Keria tupu nayo ifungue: ukiwa barabara kuu inapigana na upepo kwa hela yako.

5. Pima upepo, usipige teke
Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko pembeni mwa mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi zikiwa bado za baridi, maana zikishatembea namba hupanda na kukudanganya. Kila psi moja inayopungua kwenye tairi zote nne hukugharimu takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Anayetembelea 24 mahali pa 32 anapoteza asilimia moja na nusu hivi, na kingo za tairi zinalika juu yake. Fundi akilipiga tairi teke akasema "liko poa, bosi," mwambie teke halina namba.

4. Oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari
Magari mengi madogo ya Kijapani yanataka oili nyepesi, 5W-30 au hata 0W-20. Ukiyamwagia nzito kuliko ilivyoelekezwa, injini inasukuma uji, na mafuta yanapotea kwa asilimia moja au mbili. "Nzito inalinda injini, huku kwetu joto!" atasema fundi. Mwombe akuonyeshe ukurasa.

3. Zima injini
Injini ya petroli iliyosimama ikinguruma inaweza kuchoma lita moja hadi mbili kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kama AC inafanya kazi. Kuiwasha upya hugharimu mafuta ya kama sekunde kumi tu. Unamsubiri mtoto nje ya geti la shule? Zima. Shemeji yuko Kariakoo na amesema "dakika tano, natoka"? Zima, kisha laza kiti kabisa.

Sikuambii uteseke na joto la Februari. Gari likiwa limeota jua, tembea dakika mbili madirisha yakiwa wazi hewa ya moto itoke, ndipo uwashe AC. Itapoza haraka na kwa mafuta machache.

2. Ile taa ya njano ya O/D OFF
Hapa naomba masikio yenu yote. Otomatiki nyingi zilizotoka Japani zina kitufe kidogo kwenye mkono wa gia. Kikibonyezwa, kwenye dashibodi huwaka O/D OFF, na gia ya mwisho inafungwa. Injini inazunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyohitajika, na inakunywa.

"Dada, hiyo taa mbona inawaka?"
"Ilikuja nayo kutoka Japani, kaka."
"Basi umenunua gari la gia nne, unaendesha la gia tatu."

Kitufe hicho kina kazi yake: kushuka mlima kama Kitonga, ili injini isaidie kulishika gari. Ukifika chini, kirudishe, taa izime.

Na hapo Kitonga usiweke free ukidhani unaokoa. Gari la injekta likiwa kwenye gia nawe umeondoa mguu, mafuta hukatwa kabisa, maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka free, injini inalazimika kunywa ili isizime, na breki zinabaki peke yake na mlima. Zikichemka, hakuna lita itakayokufidia.

1. Mguu wa kulia
Wizara ya Nishati ya Marekani inasema uendeshaji wa papara, yaani kukanyaga ghafla, kukimbia na kufunga breki kwa nguvu, unaweza kupoteza asilimia 15 hadi 30 ya mafuta kwenye barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye foleni za simama-nenda. Vyote nilivyotaja juu havifui dafu hapo! Kila unapofunga breki, mwendo ulioulipia sheli unageuka joto kwenye diski. Upepo nao hauna huruma: kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, nguvu yake ya kukurudisha nyuma inakaribia kuwa mara mbili.

Tazama njia ya Chalinze kwenda Morogoro. Kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake, lakini watu wanakanyaga mafuta hadi mguuni pa kibao, ndipo wafunge breki abiria wote wainame. Wewe ukikiona kwa mbali, ondoa mguu hapo hapo, gari likiwa kwenye gia, injekta zifunge, mwendo ushuke wenyewe. Utaingia kijijini na 50 yako bila kugusa breki, na askari mwenye tochi atakupungia mkono. Faini ya kuzidisha mwendo ni shilingi 30,000. Kwa petroli ya 3,000, hizo ni lita kumi.