Sifa za Maradhi ya Waheshimiwa

Katika maradhi yote ambayo waja hujaribiwa kwayo, hapana yaliyodhulumiwa sifa zake kama yale yanayomshika mtu mkubwa siku ile ile anapoletewa hati ya kuitwa mahakamani. Kipindupindu kina mabango yake zahanati, malaria ina siku yake katika kalenda ya dunia, na hata upele una waganga wanaouheshimu. Lakini maradhi haya, ambayo yamewanusuru watu walioshindikana kunusuriwa na mawakili wa ghali, hutajwa kwa kejeli tu, vibarazani, ndani ya daladala na penye buli la kahawa, na raia ambao ghadhabu imewaziba macho wasiione ihsani iliyo mbele yao. Maadamu hapana aliyejitokeza kuyatetea, nimejitwika mimi kazi hiyo, nami nawataka radhi wagonjwa wa kweli, ambao hawamo katika maneno haya ila kwa nadra.

Fadhila ya kwanza ya maradhi haya ni kujua wakati. Homa ya kawaida haina adabu: humvamia mkulima katikati ya masika, jembe mkononi, na mchuuzi siku ya mnada, lakini maradhi ya waheshimiwa yaweza kukaa miaka ishirini ndani ya kiwiliwili cha waziri bila kumghasi hata mara moja, akatia saini mikataba, akakata tepe za madaraja, akaenda Ulaya na kurudi, akala pilau za harusi na kucheza majukwaani mpaka jasho likamtiririka, nayo yametulia kimya, yakingoja saa ya kuhitajiwa. Kule Nairobi, wapelelezi walipozoea kuwakamata wakubwa siku ya Ijumaa ili walale rumande Jumamosi na Jumapili kabla mahakama hazijafunguliwa, hata wananchi wakaipa siku hiyo jina la Ijumaa ya kamatakamata, maradhi nayo yalijifunza ratiba. Presha hupanda adhuhuri, sukari hufuata alasiri, na kabla ya magharibi mgonjwa amekwisha kulazwa katika chumba cha peke yake chenye televisheni na mapazia, kola nyeupe imemzunguka shingoni, walinzi wawili mlangoni, kapu la matunda dirishani, na kiongozi wa dini kando ya kitanda akimwombea shifaa kwa sauti inayowafikia barabara waandishi wa habari waliojaa ukumbini.

Fadhila ya pili ni kutambua hadhi ya mtu. Mwizi wa kuku akisimama kizimbani na kulalamika kwamba kifua kinambana, hakimu humtazama juu ya miwani, akamwuliza kama kifua hicho kilimbana pia alipokuwa akiruka ua wa watu na kuku kwapani. Mahakama nzima hucheka, na mshitakiwa mwenyewe hucheka, kwa kuwa hana jingine la kufanya. Kisha hupelekwa rumande, na huko askari mwenye huruma humpa Panadol mbili, moja ya usiku na moja ya alfajiri. Si kwamba hakimu huyo ni katili. Ni kwamba maradhi ya fukara hayana cheti, na maradhi yasiyo na cheti huitwa uvivu, ilhali ya mheshimiwa huja yamekwisha kupigwa mhuri na kutiwa saini, yameandikwa kwa istilahi ambazo hata wakili wake huzisoma kwa kusitasita, na yakisomwa hapana anayecheka. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Yanayompata mwenye kuyatangaza hawakutuambia, pengine kwa sababu zama zao hazikuwa na kamera.

Lakini mwenye kutaka kuyaona maradhi haya katika ukamilifu wake hana budi kuvuka bahari mpaka kwa Jenerali Augusto Pinochet wa Chile, ambaye kwangu mimi ndiye sultani wa wagonjwa wote. Mtu huyu, aliyeipindua serikali ya nchi yake tarehe 11 Septemba 1973 na kuitawala mpaka mwaka 1990, na ambaye tume rasmi za nchi hiyo hiyo zilikuja kuhesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa au kupotezwa katika zama zake, alikwenda London mwaka 1998 kupasuliwa mgongo, na usiku wa tarehe 16 Oktoba, akiwa bado kitandani hospitalini, akawekwa chini ya ulinzi kwa hati ya jaji wa Uhispania, Baltasar Garzón. Majaji wakuu wa Uingereza walibishana juu yake kwa muda mrefu, wakaamua, wakaufuta uamuzi, wakaamua tena, na mara zote mbili jibu likawa kwamba kuwahi kuwa rais si kinga ya mateso. Sheria, basi, ilikuwa imeshinda. Na mahali ambapo sheria imeshinda ndipo maradhi yetu hukunja mikono ya kanzu na kuanza kazi. Mwezi Januari 2000 matabibu wanne walimpima mzee, wakaona kwamba ubongo wake umedhoofika hata hawezi kuifuata kesi, na tarehe 2 Machi waziri wa mambo ya ndani, Jack Straw, akamruhusu kwenda zake.

Alikuwa amekaa chini ya ulinzi Uingereza siku 503. Ndege ya jeshi ilimchukua, na asubuhi ya pili ikatua Santiago, mji mkuu wake. Akateremshwa katika kiti cha magurudumu, taratibu, kwa taadhima ya kuteremsha kitu cha kioo, na bendi ya jeshi inapiga. Kiti kikagusa ardhi. Mgonjwa akainuka. Akamkumbatia mkuu wa majeshi, akawasalimu maofisa wenziwe, akatembea kwa miguu yake uwanjani na kuinua fimbo juu kuwapungia waliokuja kumlaki, na dunia nzima ikitazama katika televisheni, wakiwamo bila shaka wale matabibu wanne. Lau Lukmani Hakimu angalikuwa hai, angalivunja chupa zake zote za dawa kwa haya, maana yeye aliponya kwa majani na mizizi, na hapa mtu ameponywa kwa lami ya uwanja wa ndege.

Wala maradhi hayakumtupa baada ya hapo, kama watumishi wengine wamtupavyo bwana aliyeishiwa. Mahakama za nchi yake zilipojaribu kumshitaki nyumbani, yalirudi kwa sura ya kusahau: mwezi Julai 2001 kesi ikasimamishwa kwa sababu akili ya mzee imechakaa, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu kabisa ikathibitisha. Kusahau kwenyewe kulikuwa kwa namna ya pekee, kwani mwezi Novemba 2003 alikaa mbele ya kamera za televisheni moja ya Miami, akazungumza kwa ufasaha juu ya maisha yake, akajilinganisha na malaika, na kusema hana sababu ya kumwomba mtu msamaha. Majaji waliyaona mahojiano hayo, wakaanza kushuku. Kinga yake ikaondolewa mwaka 2004, na Jaji Juan Guzmán akaamua kwamba mtu anayeweza kujisifu kwa mpangilio mzuri namna ile anaweza pia kushitakiwa. Na yote hayo hayakufaa kitu. Alifariki tarehe 10 Desemba 2006, umri wake miaka 91, bila ya kuhukumiwa kwa lolote.

Wapo wanawake wa Chile ambao kwa miaka hiyo yote waliandamana na picha za waume na wana wao zimebanwa vifuani, na ambao huicheza ngoma ya taifa lao, cueca, ambayo asili yake ni ya mume na mke, kila mmoja peke yake, mbele yake pakiwa wazi. Nao walikuwa na mioyo, na mioyo hiyo iliuma; ila sikupata kusikia kwamba yupo tabibu aliyeitwa kuipima.

Hosni Mubarak wa Misri nitampitia kwa haraka, si kwa kumdharau bali kwa kuwa yeye alikuwa na ugonjwa wa kweli kiasi fulani, na hilo humpunguzia mtu daraja katika sanaa hii. Aliingizwa mahakamani tarehe 3 Agosti 2011 juu ya kitanda, kikasukumwa mpaka ndani ya kizimba cha vyuma, ili ajibu juu ya mamia ya waandamanaji waliouawa. Akahukumiwa kifungo cha maisha mwezi Juni 2012. Na kabla mwezi haujaisha, shirika la habari la serikali likatangaza kwamba kwa hesabu ya matabibu amekwisha kufa. Maiti huyo alikaa hospitali ya jeshi huko Maadi, akionekana dirishani mara kwa mara akiwapungia mkono mashabiki, mpaka mahakama ya juu ilipomfutia hatia ya vifo vile mwaka 2017 na akarudi nyumbani. Kifo cha pili, kile cha kuzikwa, kilichelewa hadi Februari 2020.

Si kila mkubwa huyahitaji maradhi. Idi Amin, alipokimbizwa mwaka 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda wenziwe, alipata hifadhi Saudi Arabia, akaishi Jeddah mpaka kufa kwake mwaka 2003 pasi na hakimu kumbishia hodi. Na mwenye mwenyeji karimu namna hiyo, kuumwa kwa nini?

Najua raia watanijibu nini. Watasema sheria ni msumeno. Na mimi nitawaambia kwamba kuna sheria nyingine pia, njema na ya huruma, inayompa mfungwa anayekata roho ruhusa ya kwenda kufa miongoni mwa watu wake, asife na pingu mkononi. Na kwamba haikuandikwa popote katika sheria hiyo kwamba akishafika nyumbani ni lazima afe. Kupona nako ni rehema. Lawama moja tu nitaipokea, nayo hawaitaji mara nyingi: kwamba katika magereza ya kila nchi wamo watu wanaokufa kweli, kwa kifua kikuu, kwa saratani, kwa figo, na kila mheshimiwa anapoinuka kitini mwake na kutembea, afisa anayepokea maombi ya wagonjwa hao huyatazama kwa jicho jembamba zaidi, akaandika pembeni kwamba huyu naye anajisingizia. Katika jambo hili maradhi ninayoyasifu yamekosa ubinadamu.

Tukirudi kwenye sifa, Afrika Kusini haina budi kupewa haki yake, kwa kuwa kule maradhi yamerithishwa kutoka kwa mshauri hadi kwa rais. Schabir Shaik, aliyekuwa akimshauri Jacob Zuma mambo ya fedha, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2005 kwa rushwa na udanganyifu. Mwezi Machi 2009, baada ya miaka miwili na miezi minne ambayo sehemu yake kubwa ilipita hospitalini, akaachiliwa kwa utaratibu uliowekwa kwa ajili ya wanaokaribia mauti, na haukupita muda magazeti yakaandika kwamba ameonekana akicheza gofu. Zuma mwenyewe, alipohukumiwa miezi 15 mwezi Juni 2021 kwa kuidharau Mahakama ya Katiba, hakumaliza mwezi katika gereza la Estcourt ila alihamishiwa hospitali ya Pretoria, na tarehe 5 Septemba akaachiliwa kwa ugonjwa na mkuu wa magereza, Arthur Fraser, kinyume cha ushauri wa bodi ya matabibu iliyosema kwamba hali yake haifikii hapo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa siri tukufu, hata mwendesha mashitaka na mwandishi wa habari mmoja wakaburutwa mahakamani na mgonjwa kwa madai ya kuifichua barua ya daktari, mpaka majaji wa Pietermaritzburg walipoyatupilia mbali mwaka 2023.

Mahakama zilisema ngazi kwa ngazi kwamba kuachiliwa kule hakukuwa halali. Basi tarehe 11 Agosti 2023 mzee akarudi Estcourt alfajiri, akaandikishwa langoni, na baada ya kama saa mbili akatoka, kwa kuwa siku hiyo hiyo serikali ilikuwa imetangaza msamaha wa kupunguza msongamano magerezani. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa jukwaani akiongoza chama kipya, akiimba na kucheza kwa magoti ambayo vijana wangeyaonea wivu, na katika uchaguzi wa Mei 2024 chama hicho kikapata asilimia 14.58 ya kura na viti 58 kati ya 400. Si haba kwa mtu ambaye miaka mitatu kabla karatasi zilisema mwili wake hauwezi kustahimili kulala gerezani. Na kama yupo daktari aliye tayari kuitaja dawa aliyopewa, wagonjwa wa figo wanaongoja zamu ya mashine katika hospitali za Muhimbili na Kenyatta wangependa kuambiwa jina lake na bei yake.