Hodi Namba 220

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, nilijifungia chumbani na kumwambia mke wangu nina kazi ya ofisi. Kazi yenyewe ilikuwa kuku.

Shemeji yangu ameshikilia kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba mchezo wa Prince of Persia, ule wa kijana wa nguo nyeupe anayekimbia gerezani akiwa na dakika 60 za kumwokoa binti mfalme, una sauti za kweli. Panga zinagongana kama panga, lango la chuma linashuka kama lango la chuma. Mimi niliucheza ofisini kwa mjomba, kwenye kompyuta isiyo na kadi ya sauti, na pale kila jambo, afe mtu au ufunguke mlango, lililia "tii" kwenye kile kispika kidogo kilichofichwa ndani ya kasha. Nikamwambia shemeji sauti hizo alizisikia ndotoni. Akasema haya, tuwekeane dau: kuku wa kienyeji, mzima, anunue atakayeshindwa.

Ushahidi ukahitajika. Mchezo ninao, lakini laptopu yangu inatumia Linux na haina hata tundu la kuchomekea kadi za enzi zile. Programu ya DOS ya mwaka 1990, kama mchezo huu, haitaki kusikia habari hizo. Ni kama mzee aliyeshuka basi kutoka kijijini na anwani moja kwenye kikaratasi: anamtaka fulani, kwenye nyumba ile ile, na akikuta pamejengwa ghorofa, atagonga ukuta mpaka jioni. Anwani ya kikaratasi hicho ni 220. Hapo ndipo ilipozoea kuishi Sound Blaster, kadi ya sauti iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore.

Dawa yake ni DOSBox, programu ya tangu 2002 ambayo kazi yake ni kujifanya. Hujifanya kompyuta nzima ya kale, kadi ikiwemo. Mnajua watoto wanavyofundishwa kumwambia mdai kwamba baba kasafiri? DOSBox ni mtoto huyo, ila yeye anamwambia mzee, kwa sauti nzito, kwamba baba yupo, karibu ndani.

Niliposoma jinsi uongo wenyewe unavyopangwa nilicheka peke yangu. Programu inayoitafuta Sound Blaster huandika 1, kisha 0, kwenye mlango wa 226, halafu inatega sikio mlango wa 22A. Kadi halali hujibu kwa namba moja tu, na namba hiyo, kwa maandishi ya mafundi, ni AA. Yaani unagonga, aliyelala ndani anaguna "Aa!", nawe unajua mwenyeji yupo. AdLib, kadi iliyotangulia mwaka 1987, hupimwa kwa hila zaidi: programu inategesha saa ndogo ndani ya chipu yake ya Yamaha, inasubiri muda usiotosha hata kupepesa jicho, kisha inachungulia kama saa imefika. Kwa hiyo muigizaji anapaswa kuigiza hata kusinzia na kushtuka kwa wakati. Nimeona filamu zetu ambazo waigizaji hawajafika huko.

Baada ya hodi kuna mambo mawili, yanayoandikwa kwa kifupi pamoja na ile 220 kwenye mstari uitwao SET BLASTER. D1 ni mlango wa uani, unaopitisha sauti hadi kwenye kadi bila kumsumbua bwana mkubwa, prosesa. I7 ni kengele: kadi ikimaliza kipande inaigonga, maana yake nimemaliza, leta kingine. Ukikosea kengele, kadi itasema neno moja na kubaki mdomo wazi.

Nikawasha mchezo. Kimya. Kijana anakimbia, anaruka, anatumbukia kwenye miiba ya chuma, anakufa bila hata kuguna.

Mwenye akili angejaribu kwanza wimbo wowote wa kawaida, ajue kama laptopu yenyewe inatoa sauti. Mimi nilikuwa nimeshazama kwenye 220. Nikafungua faili la mipangilio la DOSBox nikakuta irq=7, yaani ile kengele, iliyokuwa sahihi kabisa, nikaibadili kuwa 5 kwa sababu nilikumbuka, sijui kutoka wapi, kwamba mafundi walipenda 5. Upande wa pili, kwenye mstari wa SET BLASTER, nikaiacha 7. Kimya. Nikadhani ni sauti ndogo. Linux ina matabaka ya sauti kama kitunguu, ALSA chini na PipeWire juu, na kila tabaka nililolimenya nililipandisha hadi mia kwa mia. Kimya. Nikawasha mchezo upya, mara saba au nane.

Uani, wakati huo huo, mke wangu na wenzake walikuwa kwenye kikao cha vikoba. Aliwasha ile spika yake ya Bluetooth ili waweke taarabu kidogo kabla ya kuhesabu hela, simu yake ikakataa kuunganika. Haikuwa na hitilafu. Spika ilikuwa imeshampata bwana wake wa mwisho, laptopu iliyoonyesha filamu wiki iliyopita, ikamrukia kupitia ukutani.

Kwa hiyo kila nilipowasha mchezo chumbani, spika ilikohoa uani. Kikohozi kimoja, basi. Mara ya nne mweka hazina akaiambia pole. Mara ya sita mmoja akashauri isogezwe mbali na sanduku la fedha, maana vitu vya kuokota sokoni havieleweki.

Chumbani nikakata tamaa, nikarudisha 7 mahali pake, nikawasha mara ya mwisho. Nikamrusha kijana kwenye pengo, akakosa ukingo.

Nilichosikia mimi hakikutoka kwenye kompyuta. Kilitoka uani: kishindo cha mwili, chuma kikiingia, halafu wanawake kumi na wawili kwa pamoja. Nikatoka mbio. Viti vimepinduka, noti zimetapakaa chini ya mwembe, mweka hazina amelilalia sanduku kwa tumbo. Spika peke yake ilikuwa imesimama wima mezani. Mke wangu hakuuliza chochote. Alinitazama usoni, akaitazama spika, kisha akasema, "Kazi ya ofisi."

Sauti zilikuwa za kweli, siwezi kukana. Mashahidi ni kumi na wawili na mmoja alipoteza kiatu. Shemeji alipigiwa simu jioni ile ile. Kuku nilimnunua, lakini hakumfikia: vikoba walikaa kikao cha dharura na kumchukua kama faini. Shemeji aliambulia mchuzi.

Wiki iliyofuata nilipishana na mweka hazina dukani. Aliangalia kushoto na kulia, akanisogelea.

"Baba, samahani. Yule kijana wa siku ile, alitoka?"

Nikamwambia bado, muda ulimwishia.

"Masikini," akasema, akanunua sukari yake.