Muulize Shangazi: Mume Wangu na Magofu

Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mtu mwema, ila akiona kibao cha makumbusho barabarani hushika breki. Majuzi tuliondoka Malindi asubuhi kurudi Nairobi. Hata kilomita 20 hatujamaliza, huyo, amekata kona Gede! Nyuma kuna watoto watatu, na buti imejaa changu na kolekole kwenye barafu. Ataniua na historia. Nifanyeje? – Mama Samaki, Nairobi

Marahaba mwanangu. Tuanze na samaki. Mtu anayerudi Nairobi kwa gari hapakii samaki Malindi. Husubiri Kilifi, au Mombasa kabisa. Aliyepanga hayo manunuzi nina hakika si mumeo.

Kosa la mumeo ni jingine: kuisubiri siku ya kurudi. Mmekaa huko likizo nzima mkiota jua, Gede iko pua na mdomo, hamkwenda. Siku ya safari ndiyo mnakumbuka, kila mtu jicho liko kwenye saa. Mji ulioanza karibu karne ya 12, na UNESCO wakauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, hautazamwi kwa kuchungulia.

Lakini tiketi mkishakata, usibaki garini umenuna. Kwenye kasri kila mgeni hupelekwa. Wewe mwombe mwongoza wageni awapeleke kwenye nyumba za watu. Kadhaa zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua pale mwaka 1948, hakuwa na majina ya wenyewe. Hebu fikiria: umeolewa, umelea, umegombana na mawifi, umezikwa, halafu unachokumbukwa nacho ni mkasi uliokupotea!

Watoto waonyeshe vyoo. Ndiyo, vyoo: vya mawe, ndani ya nyumba, pamoja na mahali pa kujisafishia, mamia ya miaka kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Watacheka hadi Mtwapa, na hawatasahau. Mkubwa wao akitaka tarehe, lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Na pale langoni kuna mradi wa Kipepeo, ambao wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huuuzia vipepeo wakiwa bado vifukoni, navyo husafirishwa hadi ng'ambo.

Mumeo atakwambia kwa sauti nzito kwamba hakuna ajuaye kwa nini wenyeji walihama. Mwache afurahie fumbo lake. Wachimbuaji wanataja visima kukauka na mashambulizi kutoka bara, na huenda yote mawili yalichangia. Mimi kwa upande wangu ningehama maji yalipopungua tu, nisingengoja mishale.

Ndizi ziacheni garini, vioo vimefungwa. Kima wa Gede hawaombi.

*

Shangazi, mchumba wangu amechonga herufi za majina yetu kwenye ukuta wa magofu ya Mnarani, Kilifi. Je, hiyo ni dalili ya mapenzi ya kweli? – Mwenye Furaha

Ni dalili ya kushtakiwa. Akitaka kuandika majina yenu mahali, mpeleke kwa kadhi, ana daftari.

*

Shikamoo Shangazi. Tulikwenda Pangani kupumzika. Wakati wa kurudi Tanga baba mkwe akataka tusimame Tongoni, akazuru kaburi moja baada ya jingine, na yako kama 40. Mume wangu akakataa kushuka, ati kuna majini. Gari limejaa: mikeka, kuku, nazi 60, na mzee ananung'unika kwamba hana pa kuweka miguu. Tupunguze nini? – Niliyebanwa, Tanga

Marahaba. Huyo mzee anajua kusafiri. Makaburi ya Tongoni yana nguzo, nyingi sasa zimelala chini, na ziliwahi kupambwa kwa mabakuli ya Kichina. Waliozikwa pale walikuwa na uwezo, na waliobaki hawakuona haya kuuonyesha. Mumeo mwambie jini mwenye akili hakai juani.

Kuhusu mzigo, mmetanguliwa. Vasco da Gama naye alipita hapo akirudi kwao, mwaka 1499. Mabaharia wake walikuwa wamekwisha kwa kiseyeye, waliobaki hawatoshi kuongoza merikebu zote. Akaiteketeza moja, São Rafael, akaendelea na safari. Mimi siwaambii mchome gari. Mzee akae mbele, mumeo aliyeogopa majini akae nyuma, apakate kuku.

Halafu hizo nazi. Nazi 60, kutoka Pangani, zinapelekwa Tanga? Niandikie tena, hapo sijakuelewa.