Mninga Halisi

Aliyeeneza habari kwamba samani za mtumba ni nafuu, namtafuta. Nina risiti nataka azisome kwa sauti.

Kabati letu la vyombo tulilipata kwa elfu thelathini, kwa familia iliyokuwa inahama. Mwenye nalo alilipigapiga mgongoni akasema, "Hili ni mninga halisi, kaka. Nenda Keko kaulize bei." Dar es Salaam mbao yoyote ya kahawia inayouzwa ni mninga, mpaka msasa uipitie. Hapo ndipo paini inachungulia, nyeupe pee, na vifundo vyake. Mimi nilishajua tangu nilipolinyanyua upande mmoja bila kuguna, lakini kwa elfu thelathini hukai kubishana na mtu kuhusu miti.

Guta lilichukua elfu kumi na tano. Vijana wa kushusha wakadai soda. Tuyaache hayo.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiko mtu anakoishia. Msasa unakwenda kwa namba, na namba ndogo ndiyo kali: 80 unakwangulia rangi ya zamani, 120 unalainishia, 220 unamalizia. Muuzaji alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanipa 60. "Zote zinakwangua, mzee." Thina akanipimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, jambo ambalo kwenye nyumba yenye watoto linanikosesha usingizi. Brashi ilikuwa ya bei ya chini, na imeacha nusu ya ndevu zake ndani ya vanishi. Ukija kwangu utazikuta, zimehifadhiwa vizuri kabisa.

Milango ilikuwa imelegea, nikaita fundi. Fundi seremala haanzi kazi kabla hajamtukana fundi aliyemtangulia. Anazunguka, anafyonya, anauliza, "Nani alikuharibia hivi?" Nimewahi kumsikia mmoja akilaani kwa uchungu meza aliyoitengeneza yeye mwenyewe mwaka juzi. Huyu wa kabati alikuta bawaba zimechoka, komeo limekufa, na ubao wa nyuma umebunguliwa hadi unamwaga unga. Kila alichokigusa kilikuwa na bei yake.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na kukausha vanishi masika. Mwezi wa nne, hewa ya jiji hili imelowa, vanishi haikauki, inanata tu. Ukiliweka kabati ndani, nyumba nzima inaumwa kichwa kwa harufu. Ukilitoa barazani, mbu wanatua hawaondoki. Jua likichomoza kidogo, gari linapita na vumbi lote la mtaa linahamia kwako.

Na bado kuna watu. Sijui ni nini kinachowatuma, ila hakuna binadamu anayeweza kupita karibu na kitu kibichi asikiguse. Niliandika "RANGI MBICHI" kwa herufi za kuonekana tangu barabarani. Mjumbe akasimama, akasoma, akaweka kidole. "Kweli, bado." Mama wa jirani akaweka chake, athibitishe alichosema mjumbe. Watoto hawakuhitaji hata kusoma. Alama zote zile nilizipitia upya kwa msasa, safari hii namba 220, niliyoifuata Kariakoo, nauli juu yangu.

Sasa limekauka. Linang'aa, sikatai. Tatizo ni kwamba linang'aa sebuleni, karibu na vitu vingine. Mke wangu, Mama Neema, alilitazama kwa furaha, akageuka akayatazama makochi, furaha ikaisha. Pazia nalo, ambalo halijawahi kumkosea mtu, ghafla likaonekana limepauka.

Jana amekuja fundi wa makochi. Kayabonyeza sponji, kachana kitambaa pembeni bila kuomba ruhusa, kagonga fremu kwa kidole akisikiliza. Anasema tusije tukayatupa, yanafaa kabisa kukarabatiwa. Eti fremu ni mninga.