Lenzi Iliyomkata Mjomba

Muuza kamera aliniapia kwamba lenzi ile haina mchezo. Alisema kweli: haichezi kabisa, haivuti mbele wala nyuma. Canon ya milimita 50, f/1.8, mtumba safi, gramu 160, unaitia mfukoni kama ndimu. Lenzi yangu ya kuvuta ilikuwa imenichosha. Jua likizama tu, inapofuka kama kuku.

"Hii inakula mwanga," akasema.

"Na nikitaka kuvuta?"

"Unavuta kwa miguu, bosi."

Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba kihisi cha kamera yangu ni kidogo. Kwenye kihisi chenye ukubwa wa filamu ya zamani, 50 huona karibu kama macho yetu. Kwenye changu unazidisha kwa 1.6, inakuwa kama 80. Nilidhani nimenunua dirisha, kumbe nimebeba tundu la kitasa.

Tundu hilo lilinifedhehesha kwenye sendofu ya binti wa mama mdogo, hapa Morogoro. Ukoo umejipanga sebuleni, kila mtu na tabasamu lake. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikagonga kabati, glasi zikaitikia. Nikatoka mlangoni, nikapigia barazani, kisigino kimoja ndani ya beseni la kachumbari. Picha ikatoka: bibi harusi, mama yake, shangazi wawili, na pembeni mkono ulioshika bakora.

Mkono ule ulikuwa wa mjomba.

Kwa Waluguru hilo si kosa dogo. Tunafuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa na kwenye ardhi. Ukimkata baba, unaweza kusingizia mwanga. Ukimkata mjomba, hayo ni mapinduzi.

Jumapili nikapanda kwake kuomba radhi, njia ya Morningside. Bodaboda ilipogoma nikashika njia kwa miguu, nikipishana na akina mama wanaoteremsha mboga na stroberi kwenda sokoni. Wao na vikapu kichwani wanapiga soga. Mimi na gramu zangu 160 nahema kama mvukuto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mkono wangu umeurudisha?"

Nikamsimamisha mbele ya kabichi zake, nyuma yake kilele cha Bondwa na minara yake. Ili aenee kuanzia kofia hadi bakora, nikaanza kuvuta kwa miguu, kinyumenyume. Sebuleni ukirudi nyuma unakutana na kabati. Kwenye milima ya Uluguru ukirudi nyuma unakutana na bonde. Hatua ya sita ilinikuta nimekaa kwenye mfereji, kamera nimeinyanyua juu kama mwenye kusalimu amri.

Mjomba akaja mbio, akakagua matuta. "Zimepona," akasema. Hali yangu hakuiuliza.

Akanyoosha bakora anivute. Uso wake ulivyoinama juu yangu, na ule mwanga wa asubuhi, nikashindwa kujizuia: nikampiga hapohapo, tundu la lenzi wazi kabisa. Kila unywele wa ndevu ukahesabika. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi. Shamba liko wapi?"

"Lipo nyuma, mjomba. Limefifishwa ili wewe uonekane."

"Nani kalififisha?"

"Lenzi."

"Kwa idhini ya nani? Shamba la ukoo hili, nilikabidhiwa na mjomba wangu. Wewe umeligeuza mlenda!"

Nikalibana tundu hadi f/16. Namba ikipanda, tundu husinyaa, na vya mbele na vya nyuma huanza kuonekana pamoja. Nikarudi tena hadi ukingo wa mfereji, safari hii shingo imegeuka kama ya bundi. Nikapiga. Kofia ikaenea, bakora ikaenea, matuta yakarudi mstari kwa mstari, na kabichi zikahesabika.

Naye akazihesabu. Kidole kilisafiri taratibu kwenye kioo, kikasimama kona ya chini, kwenye kabichi moja iliyolala kifudifudi kando ya alama ya kiatu changu.

"Lenzi nzuri," akasema. "Hii utailipa."